Mwaka Nilioonyesha Nisichokitazama

Mwalimu Somoe alizikwa Kiranjeranje siku ya Ijumaa. Mimi nilifika Jumamosi, wanaume wakiwa wameshamaliza yao, na wanawake bado wamekaa ndani kwenye mikeka, miguu wameinyoosha. Mimi ni Mkristo, na magoti yangu siku hizi hayapendi kukaa chini, lakini nilikaa. Mpwa wake marehemu, mama wa makamo aliyekuwa bega kwa bega nami, alinimiminia chai ya tangawizi na kuniuliza kwa sauti ya chini kama mimi ndiye Paskalina, yule wa Lindi, wa nyumba ya vitu vya zamani. Nikasema ndimi. "Alikuwa anakutaja sana," akasema. Nikamwuliza ananitaja kwa jema au kwa baya. Alifikiri kidogo kabla ya kujibu, jambo lililonipendeza, kisha akasema, "Alikuwa anasema wewe ndiye uliyemfundisha kutazama." Nikanywa chai yangu. Mtu akifa huwa tunampa sifa ambazo si zake, lakini hapa marehemu mwenyewe alikuwa amenipa mimi sifa ambayo si yangu, na hayupo tena nimbishie. Mwaka ule mmoja niliokaa naye, kama kuna mtu katika mji mzima wa Lindi ambaye hakuwa akitazama kitu, basi ni mimi.

Sitaeleza nilikozaliwa wala wazazi wangu walikuwa akina nani. Inatosha kusema nilikuwa na miaka kumi na tisa, Mmakonde, nimemaliza shule bila alama za kunipeleka mbele, na kwamba mtu mmoja wa kanisani alimwambia Mwalimu Somoe kuna binti anayesoma kwa sauti nzuri. Mwalimu alikuwa mama aliyestaafu kufundisha shule ya msingi. Alikuwa amepewa nyumba ya mawe karibu na ufukwe, kuta za chokaa nene, paa la bati lililoota kutu, na ndani yake akakusanya vitu vya watu: vyungu kutoka Milola na vijiji vya huko ndani, mlango wa nakshi, sanduku lililopigiliwa njumu za shaba, vigae vilivyookotwa Kilwa Kisiwani, na vinyago. Vingi havikuwa vyake. Alivikopa kwa mwaka mmoja mmoja, kwa maneno tu na kupeana mikono, na kila mwaka ukiisha mwenye kitu alikuwa huru kuja kukichukua. Watu wa mjini waliita mahali pale Nyumba ya Vitu. Mimi nilipewa chumba cha uani, kitanda cha kamba, na kazi mbili: kuwatembeza wageni, na kila Jumatatu kuvifuta vumbi vitu vyote, kuvikagua kimoja kimoja, na kuandika kwenye daftari hali ya kila kimoja.

Asubuhi tulikula kabla ya kufungua mlango. Mihogo ya kuchemsha, dagaa waliokaangwa wakakauka, chai ya rangi kwenye birika jeusi. Mwalimu alikula taratibu na hakuruhusu mtu azungumze kazi wakati anatafuna. Alikuwa na imani kwamba mwenye njaa haoni kitu, anatafuta tu mlango wa kutokea, kwa hiyo hata wageni waliotoka mbali aliwakalisha kwanza barazani na kuwapa uji. Wengine walidhani ni ukarimu. Haukuwa ukarimu, alikuwa mtu mgumu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Nakumbuka vijana wanne wa chuo walioingia siku ya pili ya kazi yangu. Walipita vyumba vitatu kwa muda ambao yai lingekuwa halijaiva, wakatoka wanapangusa jasho. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, miwani imeshuka puani.

"Mmeona nini?" akawauliza.

"Vyote, Mwalimu."

"Vyote havionekani. Rudini ndani mniletee kimoja."

Walicheka wakidhani ni utani. Mwalimu alinyoosha mguu akaziba mlango. Wakarudi. Nilikaa nje kuwasikiliza, maana hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kazi yangu, kusikiliza watu wanasema nini wakidhani wako peke yao. Kwa muda walinung'unika. Kisha mmoja akamwambia mwenzake, "Hebu njoo uone, hiki chungu kina alama za vidole vitatu tu. Huyu mama alikuwa na vidole vitatu?" Na mwingine, "Labda alikuwa amebeba mtoto mkono mmoja." Wakabishana robo saa nzima juu ya mwanamke wa Milola ambaye hakuna aliyemjua. Walipotoka, hawakuulizwa tena, na mmoja wao alirudi wiki iliyofuata peke yake. Mwalimu hakuonyesha kufurahi. Aliniambia tu nimwongezee uji.

Hivyo ndivyo alivyotaka watu waione nyumba yake. Chumba kimoja kwa siku, na katika chumba hicho kitu kimoja. Kibao cha maelezo kisomwe mwisho, kwa sababu akishasoma mtu huona kile alichoambiwa. Alikuwa ameweka vigoda na mkeka kila chumba, maana aliyesimama ameshaanza kuondoka. Nimekwenda makumbusho mengine baadaye, makubwa, yenye viyoyozi na walinzi wa sare. Mwaka juzi binti yangu alinipeleka moja la Dar es Salaam, na baada ya nusu saa akanifuata akiwa na simu mkononi: "Mama, mimi nimemaliza." Mimi nilikuwa bado chumba cha kwanza, nimekaa kwenye benchi mbele ya kiti kimoja cha mbao, nimeshakizunguka mara mbili. Hakunielewa na sikumlaumu. Watu hukwenda huko kama wanaokwenda sokoni na orodha ndefu, na hurudi na miguu inayouma.

Siku moja ya mwezi wa kumi na moja alikuja fundi seremala kutoka Songo Songo. Alikuwa ameleta mkewe kliniki, na mashua ya kurudi haikuwa ya siku ile, basi alikuwa na siku nzima ya kupoteza. Hakuwahi kuingia mahali kama pale na alivua viatu mlangoni kama anaingia nyumbani kwa mtu. Nilianza kumpa maelezo yangu, lakini aliinua mkono kwa upole, "Subiri kwanza, dada," akaenda akachuchumaa mbele ya lile sanduku la njumu. Alikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri. Akalizunguka. Akaomba ruhusa, akalisogeza kidogo kutoka ukutani, akaingiza kichwa nyuma. Alipotoka, Mwalimu akamwuliza swali lake la kila siku. "Hili sanduku lilizama," akasema yule fundi. "Mbele zile njumu nzima. Nyuma na chini zimelika na chumvi, upande mmoja tu. Lilikaa majini limelala ubavu, siku nyingi." Sanduku lile lilikuwa na Mwalimu kwa miaka mitatu. Alikwenda akaangalia mwenyewe, akarudi, akakaa. Jioni ile tulikula kisamvu cha nazi na tulipokuwa tukiosha vyombo ndipo akasema, "Miaka mitatu nimelitazama uso tu." Tukabadilisha kibao, lakini sanduku tukalirudisha palepale ukutani. Sasa hivi ninapoandika ndipo naona tulivyokuwa wajinga.

Chumba cha tatu kilikuwa cha vinyago, na katikati yake, kwenye kisimamio cha mti kilichoegemezwa ukutani, kulikuwa na lipiko. Kwa asiyejua, lipiko ni kinyago cha Kimakonde kinachovaliwa kichwani chote mpaka shingoni. Huchezwa wavulana wanapotoka jandoni, mchezaji akiwa amefunikwa nguo mwili mzima. Kwa wanaume ni siri yao. Kwa wanawake na watoto siyo mtu wala siyo mti: ni mfu aliyetoka kaburini kuja kuwatisha. Ngoma ikilia, wanawake hukimbia. Hawatazami. Shangazi yangu aliyenilea alinifundisha hivyo kwa kunishika shingo na kunigeuza, nikiwa na miaka minne au mitano, na shingo yangu haikusahau. Nilikuwa na cheti cha kipaimara, nilikuwa nimesoma sayansi kimu, na bado siku ya kwanza Mwalimu aliponiingiza kile chumba, macho yangu yalikwenda dirishani yenyewe.

"Hili ni la kwenu," Mwalimu aliniambia. Yeye alikuwa Mwislamu wa Kiranjeranje na vinyago vile, nadhani, vilimkosesha raha kidogo, ingawa asingekubali. "Wewe utalijua kuliko mimi. Nakuachia."

Nilipaswa kusema palepale. Sikusema. Nilihitaji ile kazi na nilitaka anione msomi. Nikakariri kibao: lipiko, mti mwepesi, nywele za binadamu, nta ya nyuki. Na kazi yenyewe ikanisitiri, kwa sababu anayetembeza wageni huwapa wageni uso na vitu mgongo. Nilisimama mbele ya lipiko, nimelipa mgongo, nikawaeleza watu wa kila namna jinsi lilivyochongwa, chale za nta mashavuni, mdomo ulioachwa wazi ili mchezaji aone. Nilisifiwa kwa maelezo yale. Mama mmoja wa kutoka Masasi aliniambia, "Unasema mpaka mtu analiona hata akifumba macho." Nikamshukuru. Jumatatu nililifuta kwa manyoya ya kuku yaliyofungwa kwenye fimbo, nikitazama mwembe wa jirani, kisha nikaandika kwenye daftari: lipiko, salama. Kila wiki palikuwa na unga mweupe kidogo chini ya kisimamio. Nyumba ya chokaa hudondosha chokaa. Nikaufagia.

Lipiko lilikuwa la Mzee Chitanda, wa kijiji cha jirani na kwetu. Lilichongwa na mdogo wake, fundi aliyesifika, ambaye alifariki ghafla akiwa bado na nguvu zake. Aliacha mtoto wa mwisho mdogo, na neno moja: huyu akitoka jandoni, atoke na lipiko la baba yake. Mtoto alikuwa atoke mwaka ule, kiangazi, baada ya mavuno. Nyumbani kwa Mzee Chitanda mchwa walikuwa wameshakula lipiko jingine, na ndiyo maana alikubali Mwalimu aliweke hili ndani ya kuta za mawe mpaka siku ifike. Alikuja kuulizia mara tatu katika mwaka, amevaa kanzu ya kahawia na koti juu yake, akakaa barazani akinywa uji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Linaendeleaje?" Aliuliza vile mtu anavyoulizia mgonjwa aliyelazwa.

"Salama, babu."

"Alhamdulillah," Mwalimu angeitikia kutoka kwenye kiti chake, na kumkaribisha aingie alione mwenyewe. Mzee alikataa kila mara. "Nitaingiaje na nyie mmo humo? Lile halitazamwi mbele ya wanawake." Akamaliza uji, akashukuru, akaenda zake. Nilimheshimu kwa hilo. Sikuwaza kwamba tulikuwa watu watatu, na yule mmoja mwenye macho ya kulitazama alikuwa anaishia barazani.

Kuna siku nilikaa nje ya dirisha kusikiliza na nikasikia wanawake wawili wa Kimakonde wameingia chumba cha tatu. Walikuwa wanauza korosho stendi, niliwajua kwa sauti. Mmoja akasema, "Haya, tupite, usigeuke huko." Mwenzake akajibu, "Nani kageuka?" Wakacheka kicheko kidogo cha puani. Kisha kimya, kimya kirefu kuliko cha watu wanaopita. Nilifurahi moyoni kwamba siko peke yangu, kwamba hata watu wazima huona vigumu. Nilisikia kile nilichotaka kusikia, na siku hizi nikikumbuka urefu wa kimya kile huwa najicheka.

Masika yale mvua ilikuwa nyingi. Kuta zilitoa jasho, chumvi haikumwagika kwenye kopo, mkate uliota ukungu kabla ya jioni. Unga mweupe chini ya kisimamio uliongezeka na mimi nikaongeza bidii ya kufagia. Mwezi wa saba mwanzoni Mzee Chitanda alifika na kijana wake mmoja na nguo kubwa nyeusi ya kufunikia. Tulikuwa tumepika wali na samaki wa nazi kwa ajili yake. Baada ya kula alinawa, akaniambia nitoke nikakae uani na Mwalimu, ili aingie yeye na kijana walichukue. Tukatoka. Tukakaa kwenye ngazi ya jikoni. Mwalimu alikuwa akichambua mchele wa jioni. Tukasikia kisimamio kinakwaruza sakafu, halafu sauti ndogo, kavu, kama mtu amekanyaga ganda la yai. Halafu hakuna kitu.

"Mwalimu," Mzee akaita. "Njoo. Njoo na huyo binti."

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, lipiko pajani, uso chini. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimezama kisogoni mwa lipiko mpaka fundo la pili. Hakukitoa. Kisogo chote, kile kilichokuwa kimeelekea ukuta, kilikuwa kimetobolewa na bungua, wale wadudu wadogo wanaokula mbao, tundu kwa tundu, hata mti umebaki ngozi tu. Unga ulikuwa umemwagika kwenye kanzu yake. Mwalimu aliinama akauchukua kidogo kwa ncha ya kidole, akausugua, akanitazama. Akaenda kuleta daftari. Aligeuza kurasa taratibu. Salama, salama, salama, kwa mwandiko wangu mzuri.

"Ulikuwa unakagua nini, Paskalina?"

Nikasema ukweli, nimelitazama dirisha hata wakati ule. Nikasema sijawahi kuliona, tangu siku ya kwanza. Sijui lina uso gani. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani, na nimewahi kufumaniwa na makosa makubwa zaidi ya hilo. Nilisubiri kufukuzwa. Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Mzee wangu, nisamehe. Kosa ni langu mimi. Nimewarudisha watu mlangoni mwaka mzima niwaulize wameona nini. Huyu ninayekula naye sahani moja sikumwuliza hata siku moja. Na mimi mwenyewe nilipita hapa mbio."

 Nilidhani Mzee Chitanda amekasirika, lakini alipozungumza alikuwa kama anafikiri kwa sauti. "Huyu binti kafanya adabu. Kafundishwa vizuri kwao. Kosa kama kosa ni letu sote. Kule kwetu lilikuwa na wanaume wa kulitazama. Mimi nikalileta kwa wanawake, halafu nikataka wanawake wasilitazame. Limekaa mwaka mzima bila mtu." Akatoa kidole, akapuliza unga. "Na yule mtoto yuko kambini, anasubiri kutoka nalo."

Kisha akaligeuza, akaniambia nikae mbele yake. Nikakaa. Akasema nitazame. Nikasema babu siwezi. "Limeshaliwa nyuma kwa kutotazamwa," akasema. "Mbele unataka liliwe na nini?"  Shingo yangu iligoma kwanza, na niliigeuza kwa nguvu kama mtu anayefungua bomba lililokaza.

Lilikuwa dogo kuliko nilivyowaeleza watu. Nilikuwa nimewaambia ni uso wa kutisha, na haukutisha. Ulikuwa uso wa mwanamume mwenye usingizi, kope nzito, nyusi moja imepanda juu kidogo ya mwenzake kama amesikia uongo na ameamua kuuacha upite. Nywele zilikuwa za kweli, fupi, zimeanza kukatika. Chale za mashavuni zilikuwa za nta, mistari iliyovunjika vunjika, na nilizitazama moja moja kwa sababu sikuthubutu kurudi kwenye macho. Kwenye shavu la kushoto, mwisho wa mstari wa chini, nta ilikuwa imekandamizwa bapa. Nikasogea. Ilikuwa na mistari midogo, ya duara, mmoja ndani ya mwingine.

"Pana alama ya dole gumba," nikasema.

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Mzee Chitanda aliliinua mpaka karibu na dirisha, akakunja macho. Alikuwa amelitunza tangu mdogo wake alipofariki, amelivaa mwenyewe mara moja, na hakuwahi kuliona lile, kwa sababu anayelivaa yuko ndani na wanaocheza nalo hawasimami.  Akasema jina la mdogo wake, mara moja tu, akageukia ukuta. Kijana wake alitoka nje. Mwalimu alinishika mkono, mkono wake wenye harufu ya mchele, na tukakaa vile. Nilihuzunika sana, na pia, lazima niseme, nilikuwa na furaha ya ajabu ambayo sikuistahili, ya mtu aliyeona kitu kwa mara ya kwanza.

Alipotulia, alinigeukia. "Hilo usiliandike kwenye kibao."

"Siandiki, babu."

"Na hili nitalishona ngozi kisogoni. Litatoka hivyo hivyo, hakuna jingine." Akavuta ile nguo nyeusi. "Lakini wewe sasa umeliona. Umeona ni mti, umeona mpaka mkono wa aliyelifanya. Mtoto akitoka, na wewe upo pale na wanawake wenzako, ukisimama wewe mmoja tu, ukalitazama kama unavyotazama chungu, basi limekwisha. Mtoto atakuwa ametoka na kipande cha mti. Utakimbia?"

Nikasema nitakimbia. Alinitazama muda mrefu na hakuonekana kuniamini, na mimi mwenyewe sikuwa na hakika.

Alipoondoka, Mwalimu alivua kanga ya mabegani, akajifunga kiunoni, na mchana ule ule tukavuta kila kitu ndani ya nyumba ile hatua moja kutoka ukutani, sanduku, vyungu, mpaka ule mlango wa nakshi uliotuchukua saa nzima na majirani wawili, ili mtu aweze kuzunguka. Akanipa tochi. Tulikaa siku tatu tukitazama migongo ya vitu. Tuliona ufa, mayai ya mende, jina la mtu limekwaruzwa kwa msumari chini ya chungu. Hatukuzungumza sana. Sidhani kama nilimfundisha kitu. Nadhani tuliaibika pamoja, na kwa baadhi ya watu hiyo inatosha kuitwa masomo.

Mwezi wa nane niliomba ruhusa nikaenda nyumbani kwa ajili ya sherehe. Uwanja ulikuwa umefagiwa, pombe ipo, wali upo, wanawake tumejaa upande mmoja na vigelegele. Shangazi yangu, yule yule wa kunigeuza shingo, alikuwa mbele yangu, ana miaka sitini na kitu, amejifunga kitenge kipya. Ngoma zikabadilika. Likatokea nyuma ya nyumba ya mwisho, mwili wote nguo nyeusi, linatikisa mabega, likapinda kichwa huku na huku, na nyusi ile moja imepanda. Watoto walilia. Wanawake wakaanza kurudi nyuma. Nilimwona Mzee Chitanda pembeni kwa wapiga ngoma, na macho yake hayakuwa kwenye lipiko, yalikuwa kwangu. Na kweli miguu yangu ilisita. Nililijua shavu lile. Nilitaka kuona kama mshono umeshika. Lipiko likaja mpaka hatua tatu kutoka niliposimama na likasimama nalo, na kwa kile kipindi kifupi nilikuwa nimekaa tena kwenye mkeka chumba cha tatu, ninatazama. Kisha nikamwona mtoto, nyuma ya lipiko, amepakwa mafuta kichwani, kidevu juu, anatutazama sisi wanawake tutafanya nini mbele ya baba yake.

Nikapiga yowe. Nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia, kiatu kimoja kikabaki uwanjani, na wenzangu wote wakakimbia nami, kitenge cha shangazi kikipepea mbele yangu, tukapita mashamba ya mihogo, tukaenda kuangukia nyuma ya ghala la korosho, pumzi hatuna. Wanawake walikuwa wakicheka mpaka machozi. Shangazi alikaa chini, akajipepea kwa mkono, akasubiri kifua kitulie.

"Chitanda kalishona vizuri," akasema. "Ngozi ya mbuzi, kaipaka masizi na nywele kazirudishia. Lakini mshono wa upande wa kulia kaupindisha."

Nilimtazama. Wanawake wengine walikuwa wanaitikia, mmoja akasema hata nywele za mbele zimepungua tangu lilipotoka mara ya mwisho, mwingine akasema marehemu mwenyewe alikuwa na nyusi vile vile akiwa hai.

"Shangazi," nikasema, "umeyaonaje yote hayo, na wewe ulikuwa wa kwanza kukimbia?"

Alinishangaa, kama anayejiuliza shule ilinipeleka wapi.

"Kwani mtu akikimbia anafumba macho?"